Sisimizi wa Mpangaji Wangu

Mimi ni mtu wa ndani. Nalisema hili mapema ili msomaji asikae akisubiri ushujaa. Katika miaka yangu yote ya Johannesburg nimefika Sandton mara mbili, na mara ya pili ni kwa sababu nilisinzia kwenye treni nikapitilizwa. Cherehani yangu ipo sebuleni kwetu, mtaa wa La Rochelle, mbele ya dirisha lenye pazia lililofungwa nusu. Mke wangu husema nusu iliyofunguliwa ni ya mwanga na nusu iliyofungwa ni ya woga. Hajakosea.

Nilisomea ualimu kwetu Bukavu, nikamaliza sekondari, cheti kikapigwa muhuri. Wanafunzi niliowahi kuwafundisha ni uzi na sindano, na siku hizi hata wao hawaelewani. Mke wangu anasuka nywele mjini. Anatoka asubuhi, anarudi jioni na habari za jiji zima, kwa hiyo sioni sababu ya kwenda kuzitafuta mwenyewe. Binti yetu tukimsemesha Kiswahili anajibu Kizulu. Mimi namjibu kwa kunyamaza, lugha ambayo sote tunaijua.

Chumba cha nyuma tulimpangisha Mkenya mmoja, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye miwani na sauti ya chini, aliyekuwa akisomea udaktari chuo kikuu. Mke wangu aliposikia udaktari alimweleza habari za mgongo wake kwa dakika ishirini. Yule bwana alisikiliza hadi mwisho, ndipo akasema yeye ni daktari wa hesabu, tena bado hajawa.

"Hesabu za nini?" nilimuuliza.

"Za ugomvi, mzee. Natengeneza watu ndani ya kompyuta, halafu naangalia wanavyofika mahali pa kupigana kwa sababu ya dini."

"Kwani walioko nje hawatoshi?"

"Walioko nje wakishapigana huwezi kuwarudisha mwanzo."

Sikulitilia maanani neno hilo siku ile. Nilikuwa na zipu mdomoni.

Sasa niseme habari za kanisa, maana ndilo lililonitoa ndani. Tulikuwa na kanisa moja, Wakongo wa mashariki na wa kusini na Warundi wachache, katika ukumbi uliokuwa zamani gereji ya magari. Mchungaji msaidizi akaanza kubariki maji kwenye chupa za plastiki. Watu wakayanywa, wakajipaka, wengine wakanyunyiza mlangoni ili karatasi za ukaazi zitoke. Mchungaji mkubwa akasema madhabahuni kwamba hayo ni mambo ya waganga. Neno "mganga" likawa "mchawi" kabla halijafika safu ya mwisho ya viti. Kufikia mwisho wa mwezi tulikuwa makanisa mawili ndani ya ukumbi mmoja: wa mchungaji mkubwa wanasali asubuhi, wa msaidizi wanaingia saa sita, na geti ni moja, jembamba, la kupita watu wawili wasiokuwa wanene.

Mimi nikawapa majina. Wa asubuhi nikawaita Wakavu, wa saa sita nikawaita Wa Maji. Nilisema nikiwa nimekaa, kama ninavyofanya kila kitu, ili mke wangu acheke. Alicheka, akaenda nayo saluni. Baada ya wiki mbili watu walikuwa wanaitana hivyo getini, na hawakuwa wanacheka. Sijivunii.

Ulikuwa mwaka 2019. Mjini baadhi ya wenyeji walikuwa wanawachomea wageni maduka, nasi tukawa tunafunga milango mapema na kuongea kwa sauti ya chini kwenye teksi. Na katikati ya hayo, sisi kwa sisi tulikuwa tunagombana kwa sababu ya chupa za maji. Hata leo nikilifikiria jambo hili natamani kulala.

Jumapili moja kwaya ya Wakavu iliongeza wimbo. Kisha ikaongeza mwingine. Wa Maji walikuwa wanasubiri getini juani, na watoto, na wazee. Mlango ulipofunguliwa hakuna aliyempisha mwenziwe. Mmoja akamsukuma mmoja, na kabla mtu hajauliza ni nani amemsukuma nani, uwanja wote ulikuwa umejaa mikono. Kiti cheupe cha plastiki kikapaa, kikampata dada mkubwa wa mke wangu juu ya jicho.

Kwetu dada mkubwa huitwa Yaya, na mimi pia namwita hivyo. Yaya alikuwa Wa Maji, tena mkubwa wa akina mama wa upande ule. Mke wangu alikuwa Mkavu, katibu wa akina mama wa upande huu. Kwa kuwa siku hiyo nilikuwa nyumbani kama kawaida, mimi ndiye niliyeitwa kumpeleka hospitali. Wakamshona mishono minne kwenye nyusi. Niliitazama kwa jicho la fundi: uzi mzito, hatua ndefu, hakuna aliyejali pindo litakaaje.

"Shemeki," aliniuliza tukiwa kwenye benchi, maana shemeji kwetu huitwa hivyo, "hebu angalia, wamenishona sawa?"

"Sawa kabisa," nikasema. Huo ukawa uongo wangu wa kwanza katika habari hii.

Aliyerusha kiti hakujulikana. Kilichojulikana ni kwamba kilitoka upande wa Wakavu, na hatua tatu kutoka hapo kilipoanzia safari alikuwa amesimama mke wangu. Hakukirusha. Lakini hakumfuata dada yake hospitali. Tangu siku hiyo hawakusemezana, watu waliovuka mipaka mitatu pamoja na kulala miezi ya kwanza chini ya blanketi moja. Yaya akawa anakuja nyumbani mchana tu, mdogo wake akiwa saluni. Mke wangu akirudi ananusa hewa, anaona kikombe, anakiosha kwa nguvu.

Niseme wazi niliogopa nini. Sikuogopa kanisa kuvunjika. Makanisa yetu hupasuka kama suruali za wanafunzi, na huota mengine. Niliogopa siku hao wawili watakapokutana tena getini, kila mmoja na jeshi lake nyuma, na kiti kingine hewani. Mara hii kingempata nani? Na ningempeleka nani hospitali, nani angekataa kuja?

Siku yenyewe ilikuwa na tarehe. Sikukuu ya shukrani, siku kanisa lilipozaliwa. Pande zote mbili zilidai ni siku yao, na hakuna aliyekubali kuihamisha. Na kwetu sikukuu ya shukrani haiendi bila sare. Akina mama wote wanashona kitenge kimoja, na wakiingia mlangoni wanakuwa kama ukuta uliopakwa rangi moja. Yaya akaniletea mzigo wa vitenge vya bluu, vyenye michirizi kama mvua. Mke wangu akaniletea vya rangi ya moto. Wote wawili waliniambia maneno yaleyale: "Fundi, safari hii usituaibishe."

Maana mimi ni mchelewaji. Nimewahi kumfikishia bibi harusi gauni keki ikiwa imeshakatwa. Nina uongo wa kila msimu: umeme, uzi, mgongo, msiba. Wateja wangu wanaujua wote na huniuliza tu leo nimechagua upi.

Mchana mmoja umeme ulikatwa kwa zamu, kama ulivyokuwa ukikatwa mwaka ule. Mpangaji alitoka chumbani na kompyuta yake ya mapajani, akakaa sebuleni penye mwanga wa dirisha. Akaniomba nimsaidie.

"Mimi? Nimesoma sekondari tu, tena sehemu ya ualimu."

"Ndiyo maana, mzee. Wewe unawajua watu. Mimi nawajua kwa vitabu."

Akanionyesha. Kwenye kioo kulikuwa na vidoti vingi vinatembea, vya kijani na vya njano. Nikaviita sisimizi, naye akakubali, ingawa nadhani hakupenda. Kila sisimizi alikuwa na mambo yake: imani kiasi fulani, woga kiasi fulani, majirani, kumbukumbu ya aliyemkosea. Unawaachia, siku zao zinapita mbio, unaona ugomvi unaanzia wapi na unaenea vipi. Wakiharibu, unawarudisha mwanzo, unabadilisha kitu kimoja, unawaachia tena. Alikuwa akitafuta hicho kitu kimoja ambacho ukikigusa mapema, damu haimwagiki.

Akawa ananiuliza maswali, nami najibu huku nakunja pindo. Mtu akimwona mwenziwe anakimbilia getini, atakimbia pia? Inategemea, nikasema, kama mama mkwe anamtazama. Mtu akitukanwa, hasira inakaa siku ngapi? Akitukanwa yeye, siku tatu. Akitukanwa mchungaji wake, hadi kiyama. Alikuwa anaandika yote. Sijawahi kuandikwa maneno yangu na mtu, isipokuwa polisi.

Wiki iliyofuata aliniita.

"Nimekuweka humu, mzee."

"Niko wapi?"

Akanionyesha kidoti cha kijivu pembeni kabisa.

"Nafanya nini?"

"Hakuna. Umekaa nyumbani. Hupendi fujo, huna adui."

Nilimpenda yule sisimizi. Nikamwambia aongeze wa namna hiyo, aongeze wengi, basi amani itapatikana. Akaongeza hadi nusu ya kioo ikawa ya kijivu. Akawaachia. Wale wengine wakapigana vilevile, hata nukta moja haikupungua.

"Mbona?"

Alisita, maana ni mtu wa adabu. "Wanaopigana hawakuoni, mzee. Kwao ni kama hupo."

Nimetukanwa na wateja kwa lugha sita, lakini hakuna tusi lililoniingia kama lile, tena halikuwa tusi. Nikarudi kwenye cherehani. Nilishona mshono mmoja mara mbili bila kujua.

Kwa kujikosha nikamuuliza swali la kijinga. "Hao wako wanajuana vipi? Nani ni wa upande gani?"

"Nimewapa rangi."

"Unaziona wewe, au wanaziona na wao?"

Akavua miwani. Akaifuta na shati, akaivaa tena, akakitazama kioo kana kwamba kilikuwa kimemwibia kitu. Katika hesabu zake, kila sisimizi alikuwa anaujua upande wa mwenziwe hata akiwa mbali. Hakuwahi kulifikiria; alizoea tu. Akasema atabadilisha: watambuane wakisogeleana tu, wakisalimiana kwanza.

Kompyuta ilihangaika siku tatu. Siku ya nne akaja sebuleni bila hata kunywa chai.

"Mzee, umenivurugia sura nzima ya tasnifu."

"Pole."

"Hapana, ni vizuri. Tazama."

Sisimizi wasiotambuana kwa mbali waligombana pia, tena mara nyingi, lakini wawili wawili, kisha wakachoka. Ugomvi ulizimikia pale ulipoanzia. Lakini alipowarudishia rangi, msukumo mmoja getini ulivuta kioo kizima. Mmoja akiona rangi yake imeguswa, anakimbia kabla hajauliza. Naye anayemwona akikimbia, anakimbia.

Niliangalia meza yangu. Upande wa kulia nguo ishirini na tano za bluu, zimepigwa pasi na kukunjwa. Upande wa kushoto ishirini na tano za rangi ya moto. Majina niliwapa mimi kwa mzaha. Sasa nilikuwa nawapa na rangi, kwa vipimo, kila mtu saizi yake.

Na kilichonichosha zaidi ni hiki: kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimemaliza kazi mapema. Siku kumi na mbili kabla. Nyumba ambayo mke hazungumzi na dada yake ina ukimya mwingi, na mimi ukimya naushona.

Nilimweleza mpangaji nilichokusudia. Akasimama.

"Hapana, mzee. Hapana. Hii si unabii."

"Manabii tunao tayari, wawili."

"Nisikilize. Hawa ni sisimizi. Kuna mambo nimeyakosea humu ambayo hata mimi siyajui. Labda ukiwanyima nguo watakasirika zaidi. Hilo sijalijaribu."

"Lijaribu basi."

"Nina mitihani ya wanafunzi ya kusahihisha wiki nzima."

"Mimi nina siku kumi na mbili."

Tukatazamana, watu wawili wasiojua lolote la hakika. Mwishowe akakubali nguo zikae chumbani kwake, chini ya kitanda, kwa sharti kwamba nisimtaje popote. Ndiyo maana hata hapa simtaji.

Kumficha mke nguo hamsini katika nyumba ya vyumba vitatu ni kazi. Kumdanganya haikuwa kazi. Jina langu lilikuwa limeshaifanya miaka yote.

"Nguo za bamama ziko wapi?" aliniuliza jioni ya Jumanne, mkoba bado begani.

"Zinasubiri overloki. Ile mashine ya kufunga kingo imeharibika, inakula uzi."

"Weye ndiye unakula. Uzi, ugali, na subira ya watu." Akaketi. Akanitazama kwa upande. "Na za upande ule? Umemaliza?"

"Hata moja."

"Apa."

Nikaapa. Nilikuwa nimeapa kwamba hata moja haipo tayari, nami nikajiambia kwamba vifungo viwili vya bluu havijakaza. Alishusha pumzi. "Kama zao hazijaisha, sawa. Lakini zikitangulia zangu kutoka mlango huu, utamwoa cherehani."

Yaya alikuja kesho yake mchana. Kovu lilikuwa limeanza kung'aa, na nyusi ilikatika katikati kama barabara isiyomalizwa.

"Shemeki, nguo."

"Umeme, Yaya."

"Leo ulikatika saa mbili tu. Saa zilizobaki ulishona nini?"

"Niliogopa kuanza halafu ukatike tena."

"Mwanaume mzima unaogopa cherehani!" Akacheka, kisha akajizuia, maana mshono ulikuwa bado unavuta. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Na za mdogo wangu?"

"Hata moja."

"Ah. Basi."

Nikagundua kwamba hakuna aliyekuwa na haraka ya kuvaa. Kila mmoja alikuwa na haraka ya kutotanguliwa. Ningelijua hilo mapema ningekuwa nimechelewa kwa amani zaidi miaka yote hii.

Jumamosi, siku ya mwisho, simu yangu ililia hadi ikachoka. Niliitwa mwizi, mlevi, Yuda. Mke wangu hakunitukana. Alinitazama tu, jambo baya zaidi. Kisha akaingia chumbani, nikasikia kabati linafunguliwa. Akatoka na gauni la kijani lenye michoro ya kanga, wale ndege.

"Nimewaambia bamama tuvae hii. Ndiyo tuliyo nayo sote."

Gauni lile nililishona mimi, kwa sikukuu ya mwisho tulipokuwa kanisa moja. Nikalitazama, na polepole nikaelewa jambo ambalo sikuwa nimelipanga, wala mpangaji hakuwa nalo kwenye kompyuta. Yaya naye alikuwa na la kwake. Akina mama wote wa pande zote mbili walikuwa nalo. Nilitamani nisifurahi mapema.

Jumapili nilivaa viatu. Binti yangu aliponiona na viatu aliuliza, kwa Kizulu, nani amekufa.

Nilifika getini kabla ya saa sita, nikasimama karibu na ukuta, mikono mfukoni. Ndani Wakavu walikuwa wanaimba wimbo wa mwisho, kisha, kama nilivyojua, wakaongeza mwingine. Nje Wa Maji walikuwa wamejaa, na akina mama wao wote walivaa kijani. Mlango ukafunguliwa. Kijani kikatoka, kijani kikataka kuingia. Nikaona mabega yanagongana. Chupa moja ya maji ikamwagwa juu ya kichwa cha mtu. Mkono wa shati ukachanika, nikausikia, sauti hiyo naijua hata nikiwa usingizini. Nikatoa mikono mfukoni.

Ndani ya geti mzee mmoja wa kanisa, mtu mnene ambaye nimemshonea suti mbili, alikuwa amekiinua kiti cheupe juu ya kichwa. Macho yake yalikuwa yanatafuta. Yakaenda kulia, kanga. Yakaenda kushoto, kanga. Kila mama aliyemtazama alikuwa amevaa ndege walewale. Akageuka nusu, akageuka tena. Mikono ilianza kumchoka. Mwishowe alikishusha kiti taratibu, akakikalia, akajifuta jasho.

Kando kando waliendelea kusukumana, wawili wawili. Kwaya ilitukanwa, mama yake mtu akatajwa. Lakini hakuna aliyekimbia kutoka mbali, maana kutoka mbali hukujua unakimbilia kumwokoa nani.

Na katikati ya geti, pale pembamba, mke wangu na Yaya walikuwa wamesimama uso kwa uso. Walitazamana nguo kwanza. Kisha mke wangu akaiona nyusi. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliiona. Akasema:

"Na weye hukupewa?"

"Nani angenipa?" Yaya akajibu. "Huyo fundi ni mume wa nani?"

"Ni shemeki wa nani?"

"Nilimwambia, usituaibishe. Akasema umeme."

"Mimi ameniambia overloki!"

Mama mwingine akaingilia kwamba yeye aliambiwa mgongo. Mwingine wa upande ule akasema msiba. Sauti zikapanda, lakini zote zilikuwa zinaelekea upande mmoja, na ghafla mtu akanyoosha kidole ukutani: huyo hapo! Ni neno la kwanza Wakavu na Wa Maji walilolisema pamoja tangu wapasuke. Nilifika nyumbani haraka kuliko nilivyokwenda.

Ningependa kuishia hapo, lakini sikulelewa hivyo. Hawakupatana. Wa Maji walipata ukumbi mwingine Rosettenville, na wachungaji wale wawili hadi leo hawapeani mkono. Nguo niliwapelekea wiki iliyofuata, na kwaya ikahamia kwa fundi mwingine, ambaye nasikia naye anachelewa. Mke wangu na Yaya hawakurudi kuwa kama zamani. Walianza kusemezana kwa simu kuhusu jambo moja tu, uzembe wangu, na nimewapa mengi ya kusema.

Mpangaji aliniweka tena kwenye kompyuta, safari hii si kijivu. Alitengeneza fundi anayechelewesha rangi. Akawaachia sisimizi mara nyingi sana, nami nikakaa pembeni yake nikisubiri kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Inasaidia?" nikauliza.

"Mara nyingine, mzee. Mara nyingine hapana. Mara nyingine hata hawakuwa na nia ya kupigana."

"Na Jumapili yetu?"

"Hiyo ilitokea mara moja tu. Siwezi kuirudia." Alikuwa amechoka kuliko mimi. "Hilo ndilo tatizo la kazi yangu. Kiti kisichorushwa hakiachi alama."

Wiki moja baadaye Yaya alikuja kuchukua gauni lake, la mwisho lililobaki. Ilikuwa Jumatatu, siku ambayo saluni hufungwa, na alijua. Mke wangu alikuwa jikoni, nikamsikia akiacha kuosha vyombo. Hakutoka. Lakini aliniita, akanipa kikombe cha chai nimpelekee mgeni, yenye maziwa mengi na tangawizi, namna ambayo katika nyumba yetu hakuna anayeinywa isipokuwa Yaya.

Yaya alilikunjua lile gauni la bluu, akalinyoosha kwenye mwanga wa dirisha. Alipitisha kidole kwenye alama ya mkunjo, iliyokuwa imekaa sana, yenye vumbi jembamba kwenye ukingo. Yeye pia aliuza nguo sokoni Bukavu miaka mingi, nilisahau.

"Hili lilipigwa pasi lini?"

Nikatafuta uongo. Umeme, uzi, mgongo, msiba. Sikupata hata mmoja.

Alinitazama, ile nyusi iliyokatika ikiwa juu kuliko nyingine. Jikoni maji hayakuwa yanamwagika. Kisha akalikunja gauni kwenye alama zilezile, akaliweka mapajani, akanywa chai.

"Limenibana kiunoni," akasema, na hakuwa hata amelijaribu. "Liachie kidogo."

"Rudi Alhamisi, Yaya."

"Alhamisi ya mwezi gani?" ikauliza sauti kutoka jikoni.

Yaya akacheka, mkono kwenye nyusi. Mimi nikalivuta pazia likafunguka lote, nikaanza kufumua.